Kwa nini mwizi amerudi kwangu? Maswali ya wasomaji na majibu

Mwezi huu sanduku la barua limejaa wizi na maumivu. Wengine mmeandika kwa kalamu, wengine kwa simu, na mmoja ameleta karatasi kwa mkono mpaka nyumbani kwangu Ujiji, akakataa hata maji ya kunywa, eti asionekane. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu jambo lake nimelikuta miaka yote niliyofanya kazi ya ustawi wa jamii mkoani Kigoma: mtu akivunjiwa, mtaa mzima unakuja kumpa pole mchana, halafu usiku wanamwacha peke yake na mlango uliovunjika.

Shikamoo mama. Nina watoto watatu, nafanya biashara ya dagaa mwalo wa Kibirizi. Stoo yangu ilivunjwa usiku nikiwa mwaloni kupokea mzigo. Wakabeba magunia manne, mzani na paneli ya sola. Nilijikaza, nikakopa kwenye kikundi, nikanunua vingine. Wiki tatu hazijatimia wamevunja tena, mlango uleule. Mama mkwe anasema nina nyota ya kuibiwa na amenitafutia mganga. Mganga kashaanza kusema mwizi ni mtu wa ndani, na mimi wa ndani nina kijana mmoja tu wa kazi. Je, ni kweli wapo watu wenye nyota ya kuibiwa?
*Mama Dagaa, Kibirizi*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mama mkwe wako ameona kitu cha kweli, ila amekipa sababu isiyo yake. Ni kweli kwamba aliyeibiwa jana ana hatari kubwa ya kuibiwa kesho kuliko jirani yake ambaye hajaguswa. Hilo limepimwa, na nyota haikuonekana popote.

Katikati ya miaka ya 1980 kulikuwa na mtaa wa nyumba za halmashauri uitwao Kirkholt, katika mji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza. Ulikuwa unavunjwa kupita kiasi. Watafiti, akiwemo Ken Pease, walikaa na waliovunjiwa, na majirani, na hata wezi wenyewe waliokwisha kukamatwa. Wakakuta kwamba nyumba iliyokwisha kuvunjwa ilikuwa na uwezekano wa kuvunjwa tena zaidi ya mara 4 ya ule wa nyumba nyingine kuvunjwa kwa mara ya kwanza. Basi badala ya kuhangaika na mtaa mzima kwa pamoja, walianza na waliokwisha kuumia. Nyumba ikivunjwa, mafundi wanafika kuimarisha milango na madirisha. Mita za umeme na gesi zilizokuwa zinatumbukizwa sarafu humohumo ndani ziliondolewa, maana kila mwizi alijua palipo na mita pana pesa. Majirani wa nyumba kama sita hivi, wa pembeni, wa mbele na wa nyuma, wakaombwa kuitupia macho nyumba ile. Ndani ya miaka mitatu uvunjaji wa nyumba ulishuka kwa takribani robo tatu.

Sasa kwa nini anarudi? Mweke mwizi kichwani, mfikirie kama mtu mwenye hesabu. Mara ya kwanza alikuja gizani, hajui mlango unapiga kelele kiasi gani wala mbwa yuko wapi. Mara ya pili anajua vyote. Anajua alichokiacha kwa kukosa mikono ya kukibeba. Na anajua kwamba mtu wa biashara hawezi kukaa bila mzani, kwa hiyo ndani ya wiki chache kutakuwa na mzani mpya. Wewe mwenyewe umeniandikia: ulikopa, ukanunua, ukarudisha palepale. Sikulaumu hata kidogo, ungekula nini? Lakini yeye alikuwa anakusubiri umalize kununua. Kuna na sababu nyingine: mlango dhaifu ni dhaifu kwa kila mtu, kwa hiyo wa pili anaweza kuwa mwizi mwingine kabisa aliyevutwa na udhaifu uleule.

Nenda pia kaangalie kalenda ya mwezi. Sisi wa ziwani maisha yetu yanafuata mwezi. Usiku wa giza vipe, mitumbwi ya kuvulia dagaa kwa taa, viko majini, taa zinawaka mpaka alfajiri, wanaume wako ziwani na akina mama mmeshaamka kwenda kupokea. Nyumba na stoo zinabaki na watoto. Mbalamwezi ikija mitumbwi inapumzika, watu wako nyumbani, na fedha ya mauzo nayo iko nyumbani. Kila mkazi wa Kibirizi anaijua ratiba hii, hata asiye mwema. Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Lawrence Cohen na Marcus Felson, walieleza kwamba wizi unahitaji mambo matatu yakutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: mwenye nia, kitu cha kuchukulika, na kukosekana kwa mtu wa kukiangalia. Waliona kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili uvunjaji wa nyumba nchini Marekani ulipanda hata hali ya maisha ilipokuwa inaboreka, kwa sababu nyumba zilibaki tupu mchana watu wakiwa kazini, na vyombo kama televisheni vilizidi kuwa vyepesi kubeba. Kwako wewe mwenye nia huna uwezo naye. Yale mawili mengine unayaweza, angalau kwa sehemu.

Anza wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi, kwa sababu hatari ni kubwa zaidi siku zinazofuata tukio na hupungua kadiri muda unavyokwenda. Pete za kofuli kwenye milango mingi ya Kibirizi nimezitazama: zimepigwa skrubu kwa nje, bisibisi inamaliza kazi bila hata kelele. Mwambie fundi atumie bolti inayopita ubao mzima, nati ikazwe kwa ndani. Paneli ichomelewe kwenye fremu ya chuma. Mzani uandike namba yako ya simu kwa rangi mahali pasipofutika kirahisi. Magunia usirudishe yote stoo ileile. Ongea na wenzako wawili mnaoaminiana mlaze mzigo kwa zamu, ili asijue leo uko wapi. Na usiku wa kwenda mwaloni, mtu mmoja katika kikundi chenu abaki. Mkimlipa kidogo kila mmoja, ni nafuu kuliko mkopo wa tatu.

Kisha karipoti tena. Najua umechoka, na najua watu wengi wakiibiwa mara ya pili hawaendi polisi, wanasema ya kwanza ilisaidia nini. Nenda uchukue RB, yaani namba ya ripoti ya polisi, ya tukio hili, isiwe ileile ya zamani. Polisi kata akiona mlango mmoja umeandikwa mara mbili ndani ya wiki tatu ana sababu ya kupita hapo usiku. Asipoona maandishi, kwake yeye hakuna kilichotokea.

Limebaki la mganga, na hapa nitasema kwa ukali. Usiende. Hiyo ni ramli chonganishi, na mwisho wake tunaujua mikoa hii ya magharibi: vikongwe wameuawa kwa sababu mtu alipiga ramli akataja jina au akatazama wekundu wa macho. Sheria ya Uchawi, iliyoko tangu 1928, inafanya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa. Kijana wako leo anaitwa mtu wa ndani. Kesho mtaani wataanza kumwita mwizi, na ukipigwa ukunga mmoja tu usiku atachomwa moto kabla hujavaa kanga. Kama una shaka naye yenye ushahidi, ipeleke polisi. Kama huna, mwambie mbele ya majirani kwamba unamwamini, wasikie.

Mama, mimi ni mwalimu Kasulu. Nilikuwa nasubiri namba ya mwenye nyumba ili nimtumie kodi. Ujumbe ukaingia: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Nikatuma shilingi 350,000. Mke wangu hajui. Jana kanipigia mtu akisema anatoka kitengo cha kurejesha miamala, anataka namba yangu ya siri anirudishie. Nimpe?
*Mwalimu, Kasulu*

Usimpe. Na akipiga tena usibishane naye, kata.

Hiyo simu ya pili ni yuleyule mwizi wa Mama Dagaa aliyerudi, tofauti ni kwamba huyu hakuhitaji bisibisi. Jina la aliyekwisha kutuma lina thamani kwa matapeli kwa sababu wameshajua namba inafanya kazi, ina fedha, na mwenyewe ana hamu ya kurudishiwa. Mtoa huduma wa simu hahitaji namba yako ya siri kwa jambo lolote.

Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako leo hii; kama fedha haijatolewa bado inaweza kuzuiwa. Kwa kuwa siku zimepita, usitegemee sana, lakini piga. Ule ujumbe upeleke kwenye 15040, kisha fuata maelekezo uandike namba iliyokutumia, ili namba ile ifungiwe isimlize mwingine. Piga *106# uone kama kuna laini zimesajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua. Badili namba ya siri. Na polisi pia, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015.

Watakuambia wewe msomi umeibiwaje kitoto. Waache waseme. Tapeli anatuma ujumbe huohuo kwa maelfu ya namba, na katika maelfu lazima wawemo wachache ambao siku hiyo, saa hiyo, kweli wana fedha ya kumtumia mtu. Wewe ulikuwa mmoja wao. Cha kubadilisha ni kimoja: fedha yoyote ya mpango, mpigie mhusika kwa namba unayoijua tangu zamani, usikie sauti yake, ndipo utume.

Mke wako mwambie jioni ya leo. Akijua, ataipokea simu ya tatu akiwa amejiandaa. Asipojua, wakimpigia yeye wakidai wewe ndiye umewatuma, atalipa.

Shikamoo. Nasoma chuo mwaka wa kwanza, kwetu Uvinza. Mwalimu alitufundisha kidogo kuhusu viktimolojia, yaani elimu ya walioumizwa na uhalifu, akasema ilianza kwa kuwalaumu walioumizwa. Ni kweli au alitania?
*Mwanafunzi*

Marahaba. Hakutania. Mwanasheria wa Romania, Benjamin Mendelsohn, ndiye aliyeipa elimu hii jina mwaka 1947, na alipowachunguza walioumizwa aliwapanga kwa ngazi, kuanzia asiye na hatia kabisa hadi mwenye hatia kuliko aliyemtenda. Mjerumani Hans von Hentig, mwaka 1948, naye akaandika juu ya jinsi aliyeumizwa anavyochangia kuumizwa kwake. Kwa wakati wao lilikuwa jambo jipya, maana mahakama na wasomi walimtazama mhalifu tu, na aliyepigwa akabaki shahidi wa kuitwa na kuondoka.

Kisha akaja Marvin Wolfgang. Alipitia majalada ya polisi wa Philadelphia ya kuanzia 1948 hadi 1952, watu 588 waliouawa, akakuta katika takribani asilimia 26 aliyekufa ndiye aliyeanza kutumia nguvu. Kwa ugomvi wa kilabuni hilo linaeleweka. Sisi sote tumeona mtu akianza kurusha chupa na kumalizika yeye. Ubaya ulikuja pale Menachem Amir, mwaka 1971, alipoichukua hesabu hiyo na kuipeleka kwenye ubakaji, akahesabu ulevi na sifa mbaya ya mwanamke kama mchango wake. Wanawake na wasomi wengi walimpinga vikali, na mimi niko upande wao. Kurusha ngumi ni kitendo cha kumshambulia mtu. Kunywa bia hakumshambulii yeyote.

Msome na Nils Christie wa Norway. Mwaka 1986 alisema jamii ina picha ya mtu inayekubali kumhurumia bila maswali: bibi kizee, mchana kweupe, anatoka kumuuguza dada yake, anapigwa na jitu kubwa asilolijua. Hapa kwetu nimelishuhudia hilo mara nyingi. Bibi akiporwa mkoba njia ya kwenda Maweni kumwona mgonjwa, vijana wote wanakimbia. Mhudumu wa baa pale Mwanga akiporwa saa nane usiku anatoka kazini, yeye naye mkoba, wanamuuliza alikuwa anatafuta nini usiku. Alikuwa anatafuta ugali, kama dereva wa bodaboda anayemuuliza.

Upande wa haki, New Zealand ilitunga mwaka 1963 sheria ya serikali kuwalipa fidia walioumizwa na uhalifu, na tarehe 29 Novemba 1985 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio kwamba mwathirika atendewe kwa huruma na heshima, aelezwe kesi yake inakwendaje, na apate fidia. Ukiandika kazi yako ya darasani, weka azimio hilo karibu na Mendelsohn. Umbali kati yao ni chini ya miaka 40.

Binti yangu ana miaka 16. Alishambuliwa na kijana tunayemjua akitoka masomo ya jioni. Wazazi wa kijana wamekuja na ng'ombe wawili na fedha wakitaka tuyamalize kifamilia. Ndugu wa mke wangu wanamuuliza binti alikuwa anapita njia ile kwa nini. Nifanye nini?
*Baba, Kigoma mjini*

Barua hii sikungoja gazeti litoke. Nilimpigia baba huyu siku ileile, na ninachokiandika hapa ni kwa ajili ya baba wa kesho.

Hospitali kwanza, kabla ya kikao chochote. Dawa ya kukinga maambukizi ya VVU lazima ianze ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa. Ya kuzuia mimba nayo ina muda wake. Asioge, asibadilishe kitu kama inawezekana, na nguo zikivuliwa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, ndiyo daktari anayojaza kwa ajili ya mahakama. Kituoni ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, ambako atasikilizwa faragha, si pale kaunta mbele ya waliokuja kuripoti kuku. Panapokuwa na kituo cha mkono kwa mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii wako chini ya paa moja, na mtoto hasimulii mara nne. Ukishindwa pa kuanzia, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, haitozwi.

Ng'ombe wale warudi kwao. Kosa hili si deni kati ya baba na baba, na kupokea mifugo hakulifuti. Tena anayeogopa kwamba kwa kwenda mahakamani binti atakosa fidia, ajue sheria ya adhabu kwa kosa la kubaka, pamoja na kifungo kisichopungua miaka 30, inaitaka mahakama iamuru mtenda alipe fidia kwa aliyetendewa. Anatajwa yeye binti, hatajwi mjomba.

Kuhusu swali la njia. Niliwauliza wale ndugu: njia nyingine ipo wapi? Hawakuwa nayo. Darasa linaisha giza limeingia, taa hakuna mpaka barabara kubwa, na vibanda vya pale kati vinafungwa saa kumi na mbili. Basi saa ya masomo ndiyo ihame, iwe alasiri. Wazazi wengine wanne walikwenda pamoja na baba huyu kwa mwalimu, na mwalimu alikubali siku hiyo hiyo. Mapendekezo ya binti kuachishwa masomo niliyakataa na ninaendelea kuyakataa. Na nyumbani msimuulize kila jioni anajisikiaje. Aulizwe na mtu mmoja anayemchagua mwenyewe. Hapa alimchagua shangazi.

Mtaa wetu tumechoka na vibaka. Tunataka kuanzisha sungusungu. Unatushauri nini?
*Wajumbe, Gungu*

Sungusungu walianzia Unyamwezi na Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walipochoshwa na wizi wa ng'ombe, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Waliupunguza wizi kweli. Pia walipiga watu, na wengine walikufa bila kusikilizwa, na mtu aliyeuawa kwa tuhuma naye ni mwathirika wa uhalifu kama aliyeibiwa.

Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa na polisi kata wawepo tangu kikao cha kwanza, na majina ya walinzi yaandikwe. Mshukiwa akikamatwa afikishwe kituoni usiku huohuo, asifungwe kamba kwenye mwembe mpaka asubuhi. Doria ianzie kwenye nyumba zilizovunjwa ndani ya mwezi uliopita, ndipo ifuate kwa wenye mageti. Wekeni wanawake wa mwaloni katika kamati, maana wao ndio walio macho saa tisa usiku. Na michango ikatiwe risiti yenye namba; mitaa miwili niliyoifahamu, doria ilikufa kwa sababu ya mweka hazina, vibaka wakiwa bado hawajaguswa.